Kumleta Nyumbani na Kumzoeza Simbilisi

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Napenda kuwaeleza wanafunzi wenzangu, pamoja na waalimu na wazazi wetu wasomao gazeti hili, habari za mnyama mdogo ambaye wengi wetu tumemwona tangu utotoni lakini wachache tu tumemjua. Mnyama huyo ni simbilisi. Katika mikoa ya Iringa, Njombe na Mbeya yumo katika majiko mengi, akipita chini ya vigoda na kuokota maganda, wala hakuna amwulizaye habari. Twamjua kwa kitoweo. Kwa tabia hatumjui.

Kusudi langu ni kueleza mambo matatu. Kwanza, simbilisi ni mnyama wa namna gani. Pili, jinsi ya kumleta nyumbani na kumlisha. Tatu, jinsi ya kumzoeza mpaka aukubali mkono wa mtu. Mambo ya kwanza nimeyapata darasani na vitabuni. Ya mwisho niliyapata nyumbani kwetu Makete katika likizo ya Juni, kwa simbilisi wawili niliopewa na chama chetu cha Biolojia hapa shuleni.

SIMBILISI NI MNYAMA GANI

Asili yake si Afrika. Ametoka Amerika ya Kusini, katika milima ya Andes, nchi ambazo leo zaitwa Peru na Bolivia na majirani zake. Watu wa milima ile walimfuga kwa maelfu ya miaka, wakamla, wakamtumia katika ibada na uganga wao. Humwita cuy, nao husema jina hilo ni sauti yake mwenyewe. Katika karne ya 16 Wahispania walimpeleka Ulaya, na huko watu walianza kumfuga kwa kumpenda tu, bila kumchinja.

Simbilisi ni wa kundi la wanyama wagugunaji, kama panya na nungunungu. Ana meno 20, na yote huendelea kukua siku zote za maisha yake, kwa hiyo hana budi kutafuna kila siku ili yapungue. Miguu ya mbele ina vidole vinne, ya nyuma vitatu. Mkia hauonekani. Akiwa mzima huwa na uzito wa gramu 700 mpaka 1,200, na akitunzwa vizuri huishi miaka minne mpaka minane.

Wengi humwita panya, lakini tazameni tofauti hii. Panya hubeba mimba kwa siku zipatazo 22, na watoto wake huzaliwa uchi, macho yamefumba. Simbilisi hubeba mimba kwa siku zipatazo 68, na watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya, macho wazi, wakiweza kukimbia. Tena baada ya siku moja tu huanza kumung'unya majani. Mnyama aishiye wazi majanini, asiyejua kuchimba shimo, hawezi kuzaa mtoto asiyeweza kukimbia. Hivi tangu siku ya kwanza simbilisi huishi kwa kukimbia. Jambo hili tulikumbuke, maana ndilo shina la somo lote la kumzoeza.

Jambo jingine la ajabu ni kwamba simbilisi, kama sisi wanadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini mwake. Wanyama wengi wanaweza: mbuzi, paka, panya. Yeye hawezi. Katika mwaka 1907 wataalamu wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, walieleza jinsi simbilisi waliolishwa nafaka tupu walivyougua ugonjwa wa kiseyeye, ule ule uliowaua mabaharia wengi zamani. Ugonjwa ule ulipoonekana kwa mnyama mdogo wa kufugwa, wataalamu waliweza kuuchunguza vizuri zaidi, na njia ya kuijua vitamini C ikafunguka. Basi mnyama huyu tumdharauye jikoni ametufundisha jambo kubwa juu ya miili yetu wenyewe.

NDUGU YAKE WA MILIMANI

Simbilisi ana ndugu atokaye katika milima ile ile, aitwaye chinchila. Chinchila ni mgugunaji mwenye masikio makubwa na manyoya ya kijivu, mazito kuliko ya karibu wanyama wote wa nchi kavu: katika tundu moja la ngozi, ambapo kwetu huota unywele mmoja, kwake huota nywele zipatazo 60. Manyoya hayo nusura yamwangamize. Wawindaji walimwua kwa wingi kwa ajili ya makoti ya matajiri, hata mwaka 1910 nchi za Chile, Bolivia, Peru na Argentina zikapatana kumlinda. Mwaka 1923 Mmarekani Mathias Chapman alichukua chinchila 11 tu kutoka Chile akawapeleka California, na wengi wa chinchila wanaofugwa leo majumbani ni wajukuu wa hao. Mwituni wamebaki wachache sana. Chile imewatengea hifadhi yao tangu mwaka 1983.

Namtaja chinchila kwa sababu moja. Mnyama huyu akikamatwa kwa nguvu huachia manyoya. Adui hubaki na fungu la manyoya mkononi, na mwenyewe amekwisha kwenda zake. Maana yake ni kwamba mwenye kumkamata kwa nguvu hupata manyoya bila mnyama. Simbilisi haachii manyoya, lakini naye ana namna yake ya kukukimbia hata ukiwa umemshika: hukakamaa, hunyamaza, hukataa kula. Ukidhani umempata, umepata mwili wake tu.

SHARTI LA BABA

Mwalimu wetu wa Biolojia alinichagulia majike wawili, ndugu wa tumbo moja, wenye umri wa majuma sita. Alichagua wawili kwa sababu simbilisi hupenda kuishi na wenzake, na akiwa peke yake hunyong'onyea. Huko Uswisi sheria ya mwaka 2008 inakataza kumfuga peke yake. Tena alichagua majike watupu, waliotengwa na madume mapema, kwa sababu jike aweza kushika mimba akiwa bado mtoto wa mwezi mmoja hivi. Asiyejua hilo huleta nyumbani wawili, na baada ya miezi michache huwa na kundi asiloweza kulilisha.

Nilipofika nyumbani na kasha langu, Bibi alicheka sana. Akaniambia, “Mume wangu, umesafiri siku nzima na kitoweo, usikile njiani?” Nilipomweleza kwamba mmoja anaitwa Kahawa na mwingine Chokaa, alitikisa kichwa akasema kwamba mnyama wa chungu hapewi jina.

Baba hakucheka. Aliuliza swali moja tu: “Wewe unarudi shuleni baada ya majuma manne, na Novemba una mtihani. Hawa watabaki na nani?”

Nikamjibu kwamba watabaki na mdogo wangu wa kike, mwenye umri wa miaka tisa, ambaye wakati ule alikuwa amekwisha piga magoti mbele ya kasha na kutia jicho katika tundu la ubavuni.

Baba akasema, “Vema. Lakini mtoto hawezi kuachiwa wanyama wanaomkimbia. Atawakimbiza, mwisho ataacha kuwalisha. Siku ya kuondoka kwako, kama hawajamzoea yeye, nitawapa Bibi yako.”

Nikajibu, “Naam, Baba.” Sikuwa na neno la kumpinga, maana alisema kweli. Hivyo kazi yangu ikawa na sharti gumu: kuzoewa mimi hakukutosha. Ilinipasa kuwazoeza kwa mkono wa mtu mwingine, tena mtoto, na kwa siku 28 tu.

SAFARI NA MAKAO

Mwenye kumleta simbilisi nyumbani aanze kazi kabla ya safari. Kasha la kusafiria liwe dogo, lenye matundu ya hewa, na ndani yake nyasi kavu nyingi. Mwalimu aliniagiza nichukue konzi mbili za nyasi zile zile walizolalia shuleni, zikiwa na harufu yao, pamoja na furushi la majani waliyoyazoea. Kwa maji ya njiani niliwatilia vipande vya tango, maana bakuli hupinduka ndani ya basi. Kasha nililiweka miguuni pangu, mbali na jua la dirishani na mbali na joto la injini. Simbilisi huvumilia baridi kidogo kuliko joto. Joto likipita nyuzi 30 aweza kufa kwa muda mfupi.

Makao yao ya nyumbani yalikuwa kasha la mbao kuukuu, urefu sentimita 120, upana sentimita 60, na juu yake wavu wa kuku. Sakafu yake iwe bapa, si ya wavu, maana nyayo zake ni laini na huota vidonda. Niliweka mambo haya manne ndani yake:

Kwanza, nyasi kavu za kulalia, nene kama kiganja. Kwetu mwezi wa Juni baridi ni kali, na asubuhi nyingine umande huganda majanini.

Pili, kijumba cha kujificha chenye milango miwili. Mimi nilitumia chungu kilichovunjika, nikakilaza kifudifudi. Watu husema ukimpa mahali pa kujificha hatakuzoea. Ni kinyume: asiye na pa kukimbilia hukaa na hofu mchana kutwa, na mwenye hofu hajifunzi kitu.

Tatu, bakuli zito la udongo la maji safi, yabadilishwe kila siku.

Nne, kipande cha mti wa kutafuna. Mti wa mpera ni mzuri.

Kasha zima nililiweka juu ya meza katika chumba kilicho karibu na jiko, lakini si ndani ya jiko, maana moshi huumiza mapafu yao. Miguu ya meza niliisimamisha katika makopo yenye maji, kwa ajili ya siafu. Paka na mbwa hawakuruhusiwa kuingia.

CHAKULA, NA JANI MOJA LA HATARI

Chakula kikuu cha simbilisi ni nyasi, mbichi na kavu, na ziwepo mchana na usiku. Tumbo lake halipaswi kukaa tupu. Likisimama kufanya kazi kwa siku moja tu, ni ugonjwa mkubwa. Juu ya nyasi apewe kila siku majani mabichi kwa ajili ya ile vitamini C, ambayo huhitaji miligramu 10 mpaka 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Sukuma wiki, mchunga, pilipili hoho na kipande cha chungwa hufaa. Kabichi apewe kidogo, maana humjaza tumbo hewa. Pumba na mahindi visiwe chakula chake cha kila siku. Wala asipewe vitunguu, parachichi, wala maharage mabichi.

Siku ya tatu mdogo wangu alikuja mbio, amebeba majani ya kijani katika upindo wa gauni lake. Yalikuwa majani ya viazi mviringo, ambavyo kwetu ndivyo vinavyojaza mashamba. Nilimzuia mlangoni. Akasema kwamba mwenzake wa shuleni huwapa sungura wao majani ya viazi kila siku. Nikamwambia kwamba mwenzake amesema kweli, ila ni viazi vitamu. Majani ya viazi vitamu, yaani matembele, ni salama kwa simbilisi, na hata sisi twala. Majani ya viazi mviringo yana sumu iitwayo solanini. Jina la viazi ni moja, mimea ni miwili ya familia tofauti. Tukaenda shambani, nikamwonyesha majani ya mviringo na kumwambia ayatazame mpaka ayajue, kisha akayamwaga yale ya guoni. Kila mzazi amwachiaye mtoto kazi ya kulisha wanyama na amwonyeshe tofauti hii kwa macho, si kwa maneno tu.

SIKU ZA KWANZA

Sasa nafika katika kuzoeza. Niliandika daftari kila jioni, na haya ndiyo niliyoyaona.

Siku ya kwanza na ya pili hatukuwagusa kabisa. Mnyama mgeni hajui kama umemleta kumfuga au kumla, na kwa habari ya simbilisi swali hilo si la upuuzi. Tulikaa mbali na kasha hatua tatu, tukazungumza kwa sauti ya kawaida, ili masikio yao yatuzoee kabla ya macho.

Jioni ya siku ya pili Chokaa alitoka akala. Kahawa hakutoka. Nyasi za upande wake hazikupungua, na mavi yake yalikuwa machache, madogo, makavu. Hii ilikuwa hatari. Mdogo wangu alianza kulia akataka tumtoe ndani ya chungu tumlishe kwa nguvu. Badala yake nilifunika nusu ya kasha kwa gunia, nikatia mlangoni pa chungu zile nyasi kuukuu za shuleni zenye harufu ya kwao, na juu yake yale majani aliyoyazoea. Kisha tukazima taa, tukakaa chini sakafuni bila kusema. Tulikaa muda mrefu, na baridi ikatupenya. Hata mwisho tukasikia gizani sauti ndogo ya kutafuna upande wa kulia, na upande wa kulia ni wa Kahawa. Mdogo wangu alinifinya mkono lakini hakutoa sauti. Nafikiri usiku ule alijifunza zaidi ya nilivyoweza kumfundisha kwa maneno.

Siku ya tatu mpaka ya saba kazi ilikuwa moja: mkono uletao chakula. Unaingiza mkono polepole kwa upande, chini chini, ukiwa na jani refu, kisha unautuliza. Usiuteremshe kutoka juu. Kwa mababu wa simbilisi, kitu kitokacho juu ni mwewe, na kitu cha namna hiyo hakisubiriwi kijulikane. Chokaa alishika jani siku ya nne, akalivuta akakimbia nalo. Kahawa alifanya hivyo siku ya saba. Kila siku tulifupisha jani kidogo, mpaka midomo ikafika karibu na vidole.

Juma la pili tulianza kugusa. Akiwa anakula, kidole kimoja humgusa kidevu au shavu, mara moja, kisha huondoka. Akirudi kula, umefaulu. Akikimbia, usimfuate; jaribu tena kesho. Kila zoezi lisizidi dakika kumi.

Juma la tatu ni la kumbeba. Mkono mmoja hupita chini ya kifua, wa pili hubeba makalio, na mwili wote hukaa karibu na kifua cha mbebaji. Mtoto na ambebe akiwa amekaa sakafuni, si amesimama, kwa kuwa simbilisi ana mwili mzito na miguu mifupi, na akianguka kutoka mikononi huvunjika. Umpakate juu ya kitambaa, umpe jani, na umrudishe kabla hajachoka. Akirudishwa akiwa bado ametulia, kesho hatakataa.

LUGHA YAKE

Simbilisi husema sana kuliko sungura, na mwenye kumfuga hana budi kujua lugha yake.

Mluzi mrefu wa juu ni wito wa chakula, nao huuelekeza kwa watu anaowajua. Mguno wa chini chini akiwa anapapaswa, mwili umelegea, ni furaha. Mguno wa namna hiyo hiyo ukiwa mkali na wa ghafla, mwili umekaza, ni hofu. Kwa hiyo sikiliza na tazama pamoja. Kugonganisha meno ni hasira, nawe ondoa mkono. Kuganda kama jiwe si upole. Hapa wengi hudanganyika: wamwona ametulia kimya mikononi wakadhani amezoea, kumbe ameganda kwa woga. Lakini akiruka ghafla hewani na kujipinda kama punje ya bisi katika chungu, hiyo ni furaha tupu, na hasa hufanywa na wadogo.

Kuna alama za ugonjwa pia: kuacha kula, manyoya kusimama, makamasi, au kuchechemea. Akiugua, aonyeshwe kwa bwana mifugo. Msimpe dawa za watu. Penisilini, ambayo imeokoa maisha ya watu wengi, humwua simbilisi, kwa kuwa huharibu vijidudu vya tumboni mwake vinavyomsaidia kusaga nyasi.

KUUONDOA MKONO WANGU

Nimesema kwamba sharti la Baba lilikuwa wamzoee mtoto, wala si mimi. Kufikia siku ya 14 niliona katika daftari langu tatizo. Wote wawili walikuwa wakija kwangu kwanza. Nikiingia chumbani Chokaa alipiga mluzi. Akiingia mdogo wangu, walitazama kwanza kama nami nipo nyuma yake. Sababu yake ni nyepesi. Mikono yangu ni mizito, haitetemeki, na asubuhi ni mimi niliyewahi kuamka.

Kwa hiyo tangu siku ya 15 nikaacha kuwalisha. Sikugusa jani wala maji. Nilikaa pembeni nikamwelekeza mdogo wangu kwa maneno machache. Nakiri haikuwa rahisi kwangu. Siku mbili za kwanza Chokaa alikuja mpaka ukingoni mwa kasha kwenye upande niliokaa, akanipigia mluzi. Sikumjibu. Siku ya tatu nikahamia nje, nikawa natazama kupitia dirishani. Mdogo wangu naye ikambidi aamke mapema katika baridi ile, akate nyasi kabla ya kwenda kuteka maji, na ajifunze kutokukimbia chumbani. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu kwake kuliko yote, maana ni mtoto wa mbio. Aliniuliza, “Kaka, nitembee polepole mpaka lini?” Nikamwambia, mpaka wao waache kuogopa, siku hiyo watakuambia wenyewe.

Siku ya 19 Kahawa, yule mwoga, aliweka miguu ya mbele katika kiganja chake. Siku ya 23 aliingia kiganjani chote. Hatukumsukuma.

Siku moja kabla ya mimi kuondoka, Baba alikuja kutazama. Alisimama karibu na mlango, akaniambia niingie kwanza. Nikaingia. Simbilisi walinyanyua vichwa, wakaendelea kutafuna. Kisha akamwita mdogo wangu kutoka jikoni. Kabla hajafika mlangoni, kwa kusikia nyayo zake tu, wote wawili walipiga mluzi pamoja wakaja mbio ukingoni. Alimpakata Kahawa sakafuni, naye akaguna ule mguno wa chini wa furaha. Baba akasikiliza. Akauliza kama mavi yao yafaa kwa bustani, nikamjibu kwamba yafaa sana kwa mboga. Akasema basi yasitupwe. Ndiyo yalikuwa maneno yake yote, lakini jioni ile alitengeneza bawaba ya kifuniko cha kasha iliyokuwa imelegea. Bibi naye tangu siku ile huwawekea maganda ya matango, ingawa bado hataki kuwaita kwa majina.

MAFUNZO

Ndugu wasomaji, mtaona kwamba katika siku zile 28 hapakuwa na ujanja wowote. Kumzoeza mnyama si kumshinda. Ni kumwondolea sababu za kuogopa, moja moja, kwa utaratibu usiobadilika: mtu yule yule, saa ile ile, sauti ile ile, mkono utokao upande ule ule. Haraka ya siku moja yaweza kuharibu subira ya juma zima.

Kwa wanafunzi wenzangu wa bweni nina neno la pili. Sisi huja na kwenda. Mnyama tumletaye nyumbani hakai nasi. Hukaa na wadogo zetu, mama zetu na bibi zetu. Basi yeyote atakaye kupeleka mnyama nyumbani likizo ijayo ajiulize swali lile la Baba kabla hajapanda basi: watabaki na nani? Na akiisha kupata jibu, huyo ndiye amfundishe, na mkono wa huyo ndio utangulie.

Kwa wazazi, naomba mwafikirie watoto wadogo. Mtoto wa miaka tisa aliyejifunza kutembea polepole kwa ajili ya kiumbe kisichozidi kilo moja amejifunza jambo litakalomfaa hata kwa binadamu wenzake.

Chama chetu cha Biolojia kina simbilisi wengine watakaokuwa tayari kuachishwa ziwa muhula huu. Atakaye na amwone mwalimu. Lakini kasha, nyasi na mtu wa kuwatunza viwe tayari kwanza.